SOMO: Maharagi, soya na makala ya jikoni



Mu nyumba nyingi za Kivu, nyama inaonekana siku ya sikukuu tu. Siku zingine ni bugali, sombe na maharagi. Hakuna haya mu jambo hilo: mimea inaweza kujenga mwili, kama tunajua kuichagua na kuipika. Lakini maharagi yanakula makala mingi. Mama akihesabu bei ya makala, mara anaacha maharagi na kupika bugali na mboga peke yake. Mtoto anajaza tumbo, lakini bwaki inamnyemelea. Njo sababu somo hili linaongea juu ya chakula na moto pamoja.

1. Nguvu iko wapi?

Mu gramu 100 za maharagi makavu muko karibu gramu 21 za protini. Karanga ziko na 25, soya 36. Unga wa muhogo haufike hata 2. Maharagi yakiiva yanakunywa maji na uzito unaongezeka, kwa hiyo mtoto apewe sahani ya kweli, hapana supu yake tu. Tuyakule pamoja na mahindi ao muchele, juu ya protini zao zinasaidiana.

2. Kupika na makala kidogo

Kwa tanuru ya udongo, kilo 1 ya makala inaomba kilo 5 mpaka 10 za kuni. Sehemu kubwa ya makala ya Goma inatoka mu miti ya Parke ya Virunga. Kila saa ya moto tunayopunguza ni miti inayobaki, na franka zinazobaki mu mfuko.

- Magaribi, chagua maharagi, osha, loweka usiku wote. Asubui mwanga yale maji.
- Tia maji mapya, funika sufuria, chemsha kwa nguvu nusu saa.
- Tayarisha kikapu kikubwa. Ndani panga majani makavu ya ndizi ao nguo nzee, unene wa kiganja, chini na pembeni. Ingiza sufuria ingali inachemka, na kifuniko chake. Funika juu na mto wa majani ao blanketi.
- Acha saa 3 bila kufungua. Kisha rudisha kwa moto, chemsha tena, tia chumvi na mafuta, mukule.

Angalisho: usiruke ile nusu saa ya kuchemsha. Maharagi mabichi yako na sumu inayoleta kutapika na kuhara. Moto mkali unaiua, lakini joto ya kikapu peke yake haitoshi.

Maharagi yaliyokaa sana mu gala yenye joto na unyevu yanakuwa magumu, hayaivi upesi. Koperative itoe ya zamani kwanza.

3. Maziwa ya soya

Loweka kilo 1 ya soya usiku wote. Sugua, toa maganda, twanga ao saga. Changanya na litre 7 ya maji, kamua na kitambaa safi. Chemsha dakika 20 huku unakoroga, juu ya inapanda na kumwangika upesi. Soya mbichi inazuia tumbo kutumia protini, kwa hiyo isinywewe bila kuchemka. Ikunywewe siku ileile. Makapi tusiyatupe: tuyapike mu sombe ao tuyachanganye mu unga wa mandazi.

4. Faida ya shamba

Maharagi na soya vinakamata azoti ya hewa kwa vifundo vya mizizi. Wakati wa kuvuna, tukate shina na kuacha mizizi mu udongo. Msimu unaofuata, tupande mahindi pale.

5. Kipimo cha busara

Mimea haina vitamini B12. Mama mwenye mimba, anayenyonyesha na mtoto mdogo wanaomba pia yai, maziwa ao sambaza kidogo. Sambaza iliyokaushwa na kusagwa, kijiko kimoja mu uji, inasaidia sana. Kisha chakula, tunda kama papai ao chungwa linasaidia mwili kupokea chuma ya maharagi. Chai ingoje saa moja.

Kazi ya mwezi huu

Nyumba mbili za kikundi zipike kilo 1 ya maharagi ileile: moja kwa desturi, moja kwa kikapu. Mupime makala mbele na nyuma, muandike mu kaye ya koperative. Kisha muongee pamoja:

- Makala iliyobaki ni franka ngapi kwa mwezi?
- Kila nyumba inauza maharagi kiasi gani, na inabakisha kilo ngapi kwa watoto mpaka mavuno mengine?

Swali la pili lijibiwe mbele ya mnunuzi kufika. Gunia likiisha kupanda mu gari, halirudi tena.