Kuifuata Mvua ya Ngurumo

Katika nyanda za Marekani wako watu wanaozifuata dhoruba kwa motokaa, wapate kuzitazama na kuzipima. Sisi tukaao Moshi hatuna haja ya kusafiri hivyo. Mtu akisimama mlimani mwezi wa Machi, masika ianzapo, huweza kuifuata mvua kwa macho tangu kuzaliwa kwake. Basi tuifuate siku moja.

Asubuhi Kibo huonekana wazi, kimo chake mita 5,895. Jua likipanda, nchi tambarare ya Kahe hupata joto, na hewa iliyo juu yake pia. Hewa yenye joto ni nyepesi, nayo hupanda. Tena upepo utokao Bahari ya Hindi huleta unyevu, na ukifika mlimani hauna njia ila kupanda. Hewa ipandapo hupoa, na unyevu wake hugeuka kuwa matone madogo sana. Hayo ndiyo mawingu. Saa sita ikifika, kilele kimekwisha kufichwa.

Alasiri wingu moja hukua kama mnara. Juu jeupe, chini jeusi. Ndani yake chembe za barafu hupandishwa na kushushwa kwa nguvu, zikagongana. Kugongana huko ndiko kuzaako umeme.

Je, umeme uko mbali gani? Mwanga wake twauona mara moja, lakini sauti huenda kama mita 340 tu kwa sekunde. Uonapo umeme, hesabu sekunde hata usikie ngurumo, kisha ugawanye kwa 3. Jibu ni kilometa. Sekunde 12 ni kilometa 4. Wala usidhani kwamba kilometa 4 ni mbali, maana umeme huweza kupiga mahali ambapo mvua haijafika. Ukisikia ngurumo, acha kutazama, uingie katika nyumba imara, ukae humo hata dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Na mchungaji aliye nyikani afanyeje? Asikimbilie mti ulio peke yake. Umeme ukiupiga mti hushuka kwa shina na kuenea ardhini. Ndiyo sababu ng'ombe waliokusanyika chini ya mti mmoja hufa pamoja. Wala asijifiche korongoni. Mvua kubwa ikinyesha mlimani, maji hushuka kwa kasi, na huweza kumkuta mtu huku chini angali akiota jua.

Wahenga walisema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Mwenye kuzijua dalili hujua saa ya kutazama, na saa ya kuondoka na mifugo yake mapema.

Maswali
1. Kwa nini hewa yenye unyevu hufanya mawingu ikipanda mlimani?
2. Umeona umeme, na baada ya sekunde 9 umesikia ngurumo. Umeme ulikuwa umbali gani? Utafanya nini?
3. Taja mahali pawili ambapo mchungaji asikimbilie, na sababu zake.