Bendi ifanye mazoezi mara ngapi?

Swali: Bendi yetu ya dansi ina watu saba, na kila mmoja ana kazi yake. Tukutane mara ngapi kwa wiki?

Jibu: Mara mbili zinatosha, kwa muda wa saa mbili au tatu. Wiki ya onyesho ongezeni siku moja. Lakini kila mtu ajifunze sehemu yake nyumbani. Msikusanyike kumsubiri mpiga besi atafute noti. Mkikutana, shughulikieni maungio: gitaa la solo linavyopokezana na rithimu, waimbaji wanavyoitikiana, na hasa wimbo unapotoka kwenye beti kuingia chemko, yaani sehemu ya kasi. Rudieni kipande hicho peke yake, polepole, hadi dramu na tumba ziingie kwa pigo moja. Bendi nyingi huharibikia hapo. Siku ya pili ikishindikana, tafadhali msiahirishe ya kwanza.