Kimbunga Hidaya: Je, Walitutisha Bure?

SOMO LA JUMA
Soma: Mithali 27:12



Mwezi Mei 2024 kila mtu hapa mtaani alikuwa akitaja Hidaya. Maana yake ni zawadi, lakini hii hakuna aliyeiomba. Tarehe 3 Mei Rais Ruto alitangaza kwamba shule hazitafunguliwa, na Pwani ikaambiwa ijiandae. Siku iliyofuata kimbunga kikafika kisiwa cha Mafia, Tanzania, kikaishiwa nguvu. Nairobi hakikufika. Basi maneno yakaanza: "Walitutisha bure!" Hebu tulipime neno hilo.

1. Kilikuwa kimbunga cha aina gani?
Kimbunga hulishwa na joto la bahari, na mzunguko wa dunia ndio hukifanya kizunguke. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni ndogo, ndiyo sababu pwani yetu haijazoea vimbunga. Hidaya kilivunja rekodi: ndicho kikali kuliko vyote vilivyopimwa karibu na Tanzania. Hata baada ya kudhoofika, mvua yake ilileta mafuriko Kilwa na kukata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Waulize wa Kilwa kama walitishwa bure.

2. Na sisi?
Mvua iliyotuumiza Nairobi haikuwa ya Hidaya. Ilikuwa ya masika tu, ile tunayoizoea. Mwishoni mwa Aprili mto Mathare uliingia manyumbani usiku. Tarehe 29 Aprili maji yalifagia watu Mai Mahiu. Hidaya kilipokaribia, Kenya ilikuwa tayari imezika zaidi ya watu 200, na ardhi imeshiba maji. Kimbunga juu ya hayo kingekuwa balaa lingine.

3. Kumbuka Freddy
Mwaka 2023 kimbunga Freddy kilidumu siku 36, muda mrefu kuliko chochote kilichowahi kurekodiwa. Kilipiga Msumbiji Februari, kikarudi baharini, kikapata nguvu upya, kikapiga tena Machi. Kisha kikaingia Malawi. Huko Blantyre milima iliporomokea nyumba usiku watu wakiwa wamelala. Malawi pekee ilithibitisha vifo zaidi ya 600. Kwa hivyo usiharakishe kusema "imepita."

4. Hesabu ya mwerevu
Mwenye matatu hulipa bima kila mwaka. Mwaka ukiisha bila ajali, hasemi kampuni imemdanganya, anashukuru. Onyo ni hivyo hivyo. Ukihama siku tatu na mto usifurike, umepoteza nauli na usingizi. Ukibaki na ufurike, utalipa na nini? Mithali inamtofautisha mwerevu na mjinga kwa jambo hilo moja: aliyeona hatari akajificha, na aliyeendelea mbele tu. Kuomba na kuhama havipingani, ndugu yangu.

Fanya juma hili
- Weka vitambulisho, vyeti vya watoto na kadi ya hospitali kwenye mfuko mmoja wa plastiki.
- Kubaliana na jamaa anayeishi mahali pa juu, kabla ya mvua.
- Usitupe taka kwenye mtaro. Maji yakikosa njia, yataingia kwako.

Tujadiliane kwenye ushirika wa nyumbani
Katika ploti yenu, nani hawezi kukimbia usiku: mzee, mgonjwa, mama aliyejifungua juzi? Nani atambisha mlango wake?