Fungu la Mwanamke: Baina ya Sharia, Mila na Katiba

Ndugu zetu Waislamu, wanaume kwa wanawake, somo letu la leo lahusu jambo ambalo limezishughulisha serikali na mabunge ya Kenya tangu nchi ilipopata uhuru, nalo ni haki za wanawake na mila zipasazo kuhifadhiwa. Wengi wetu wayasikiapo maneno haya hudhani kuwa ni vita baina ya dini na wageni. Sivyo. Tutayapambanua kwa mlango mmoja tu, mlango wa mirathi, kwani humo ndimo dhulma ilimojificha zaidi.

Kwanza tujue Katiba ya mwaka 2010 yasemaje. Kifungu cha 11 kimeutambua utamaduni kuwa ni msingi wa taifa, na kimeipasa Serikali kuukuza kwa vitabu, sanaa, sherehe za jadi na mfano wa hayo. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 2, yasema kuwa mila ipinganayo nayo ni batili. Na kifungu cha 60 chataka ubaguzi wa wanawake uondolewe katika sheria na desturi za ardhi. Basi Serikali haikuahidi kuunga mkono kila kiitwacho mila. Mwaka 2021 Mahkama Kuu ililikataa shauri la kutaka kuivunja sheria ya 2011 ipigayo marufuku ukeketaji, na haki ya utamaduni ilikuwa miongoni mwa hoja za mdai.

Sisi Waislamu tuna kifungu chetu mbali. Kifungu cha 24 chasema kuwa masharti ya usawa yatalegezwa, kwa kadiri ya dharura tu, ili sharia ya Kiislamu itumike mbele ya Makadhi kwa Waislamu katika hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Haki hii haikuja bure. Sheria ya Urithi iliyopitishwa mwaka 1972 ilianza kutumika mwaka 1981 kwa watu wote, na Waislamu wakaipinga mpaka mwaka 1990 Bunge lilipoirekebisha na kuwatoa. Mojawapo ya tulizozikataa ni kumwachia mtu uhuru wa kuusia mali yake yote kwa amtakaye. Ni kweli kuwa sheria ile yamruhusu mtegemezi aliyeachwa kwenda mahkamani kudai. Lakini katika Sharia wasia hauzidi thuluthi moja, na binti hana haja ya kumwomba jaji amwonee huruma, kwani fungu lake limekwisha katwa.

Sasa tuulizane. Tuliomba ruhusa ya kufuata nini? Tuliomba Sharia, hatukuomba mila. Mtu amnyimaye dada yake shamba la baba yao kwa kusema "kwetu mwanamke harithi ardhi" hana kinga ya kifungu cha 24, kwa kuwa hilo si sharia ya Kiislamu. Wala hana kinga ya kifungu cha 11, kwa kuwa mila hiyo ni batili. Na mbele ya Mwenyezi Mungu hali yake ni mbaya zaidi. Aya ya 7 ya Suratun Nisaa imetaja fungu la wanawake waziwazi, mali iwe chache au nyingi, na ikaliita faradhi.

Hii si dhulma mpya. Saad bin Rabii alipouawa katika vita vya Uhud, mjane wake alimwendea Mtume (s.a.w.) na binti zake wawili akashitaki kuwa ami yao ameichukua mali yote. Iliposhuka aya ya mirathi, Mtume alimwita yule ami akamwamuru awape mabinti thuluthi mbili, na mama yao thumni, ndipo kilichobaki kiwe chake. Ami aliwekwa mwisho! Hapa kwetu ami huanza.

Tupige mfano. Mtu amekufa, na baada ya maziko, deni na wasia amebakisha minazi 240. Ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Wazazi wake wamekwisha tangulia. Mke atapata thumni, minazi 30. Zabaki 210, nazo hugawanywa mafungu saba: kila mwanamume mafungu mawili, minazi 60, kila mwanamke fungu moja, minazi 30. Hesabu hii aweza kuifanya mtoto wa chuoni. Mbona basi mashamba hukaa miaka thelathini hayajagawanywa, hati imeandikwa jina la kaka mkubwa, na dada huletewa kapu la nazi siku ya Idi?

Atasema msemaji: "Dada zetu wamesamehe wenyewe." Jawabu ni kuwa msamaha hauswihi mpaka mtu ajue haki yake ni kiasi gani, iwe mkononi mwake au awe na uwezo wa kuitwaa, na asiwe ametishwa. Mwanamke aliyewekewa karatasi siku ya tatu ya matanga, macho yangali yamevimba, akaambiwa atie kidole, huyo hakusamehe kitu. Na anyamazaye kwa kuogopa kuambiwa kuwa amemshitaki nduguye, ukimya wake ni haya, si ridhaa.

Wengine huuliza kwa nini mwanamume apate mara mbili ya dada yake. Wanavyuoni wamejibu kuwa juu yake pana mahari na nafaka ya mke na watoto, na dada asiye na mume wala mali humwangukia yeye. Jawabu hilo ni sahihi, lakini lina meno pande mbili. Kaka aliyechukua minazi 60 kisha akamwacha dada yake mtalaka akikaanga mihogo barabarani kwa kutafuta chakula cha wanawe, ameichukua hoja akautupa mzigo wake. Wanaotetea haki za wanawake wakitutolea mfano huo Bungeni, tutajibu nini?

Mwanamke aliyezuiliwa haki yake na aende kwa Kadhi. Achukue cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi, na orodha ya mali pamoja na nambari za hati za ardhi kama anazijua. Kadhi atawaita wote na kukata mafungu, iwapo wote ni Waislamu na wameyakubali mamlaka ya mahkama yake. Mas-ala ya hiba itolewayo katika maradhi ya mauti, ambayo kwayo nyumba nyingi huwapita mabinti, tutayasoma katika toleo lijalo, inshaallah.