Gramafoni ya Babu na mkono unaosita

*Mimi ni binti wa miaka 26, fundi wa simu na redio hapa Chamwino. Kazi nilifundishwa na mjomba, na sasa nina meza yangu mwenyewe karibu na stendi. Mwezi wa tano mzee mmoja wa Buigiri, ambaye kwa heshima namwita Babu, aliniletea gramafoni ya sanduku, ile ya kukaza kwa hendeli, pamoja na santuri sita. Marehemu baba yake aliinunua kwa mshahara wa mashamba ya karanga ya Kongwa. Ukiikaza, sahani inazunguka kidogo kisha inasimama, na sauti inatoka kwa kukwaruza. Babu anataka iimbe ukoo utakapokutana mwezi wa kumi na mbili.*

*Mama, siwezi kuigusa. Mwaka jana niliunguza redio ya zamani ya mwalimu mstaafu kwa kuunganisha umeme kinyume. Hakunigombeza, alinyamaza tu, akaondoka na redio yake. Tangu siku hiyo sijaenda hata kumsalimia. Simu nazitengeneza bila shida, lakini nikifungua kifuniko cha gramafoni hii mikono inakuwa mizito, nakifunga. Babu akipiga simu namwambia nasubiri vipuri kutoka Dar es Salaam. Si kweli. Nifanye nini?*

*Fundi Mwenye Hofu, Chamwino*

Mwanangu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nitaanza na simu kabla ya gramafoni.

Mpigie Babu leo. Mwambie: "Babu, naomba unisamehe, vipuri sikuagiza. Chombo chako sijakifungua kwa sababu nakiogopa. Nataka kukianza wiki hii, na nitakuonyesha kila hatua." Redio ya mwalimu iliharibiwa na mkono uliokosea mara moja. Habari ya vipuri unalazimika kuirudia kila Babu anapopiga, na kila ukiirudia gramafoni inazidi kuwa nzito. Ukishautua uongo huo utabaki na mashine peke yake mezani, na mashine ina njia zake.

Hofu yako siidharau. Inatokana na kujua kwamba ulichokabidhiwa hakina mfano wake dukani. Mpango wa karanga wa Kongwa ulianza 1947, na kufikia 1951 Waingereza walikuwa wameufuta baada ya kupoteza fedha nyingi mno. Mashamba yalishindwa, lakini kijana mmoja wa Kigogo alitoka huko na mshahara, akanunua muziki, na wanawe wameutunza kwa zaidi ya miaka 70. Tazama na lebo za zile santuri. Ukiona mbwa aliyeinamia pembe ya gramafoni, hiyo ni alama ya His Master's Voice, kampuni iliyorekodi nyimbo za mwimbaji Siti binti Saad na wenzake wa Unguja kule Bombay mwaka 1928. Hadi kufikia 1931 santuri za nyimbo hizo zipatazo 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Hata kama hizo sita si za Siti, ni za ulimwengu huohuo, na una haki ya kuogopa kuziharibu.

Tatizo ni kwamba unaiogopa mashine nzima kwa kiwango kimoja. Unaogopa kufungua skrubu ya kifuniko sawasawa na unavyoogopa kukata springi. Hofu ikitawanyika hivyo, mkono hauwezi kwenda popote.

Hapo Chamwino, ambako Tamasha la Muziki wa Cigogo limekuwa likifanyika tangu 2009, hukosi mtu wa kukufundisha jambo hili. Nenda kamtazame mzee anayetengeneza ilimba, ile ala ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba. Vile vyuma vya juu anavisogeza mbele na nyuma, anavigusa kwa kidole gumba, anasikiliza, anavisogeza tena. Hatetemeki, kwa sababu kila alichokisogeza anaweza kukirudisha. Lakini anapofika kutoboa ubao wa kisanduku, anapima kwanza na mkono unapunguza mwendo. Ni mtu yuleyule na ilimba ileile, ila hofu yake ameipa mahali pa kukaa. Nawe fanya hivyo: gawa kazi yako kati ya yanayorudishika na yasiyorudishika, kisha uogope haya ya pili tu.

Yasiyorudishika katika gramafoni ya kukaza si mengi. Nitakutajia yale makubwa.

La kwanza ni springi. Imejikunja ndani ya kopo la chuma ikiwa na nguvu ya kukata vidole. Sahani ikisimama usidhani springi imeisha, kwa maana mara nyingi iliyosimama ni grisi iliyokauka huku nguvu ikiwa bado imo ndani. Achia breki, isaidie sahani kwa mkono taratibu mpaka mashine yote ilegee kabisa. Kabla ya hapo usiguse gavana, kile kidhibiti mwendo chenye vizito vitatu vidogo. Ukikitoa springi ikiwa imekazwa, gia zitafumuka mbio na meno yatakatika. Na kopo lenyewe usilifungue. Likihitaji kufunguliwa, tafuta fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo, uvae glavu na miwani, usimame pembeni yake ujifunze.

La pili linakuhusu wewe hasa, fundi wa simu. Mkono wako umezoea kusafisha kila kitu kwa spiriti. Santuri za zamani hizi zimetengenezwa kwa lakiri, utomvu mgumu unaotolewa na wadudu wadogo wa India, na spiriti huiyeyusha lakiri. Ukiipitisha juu ya santuri, nyimbo zitafutika ukiangalia. Futa vumbi kwa brashi laini, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji na tone la sabuni, ukifuata mzunguko wa mifereji, bila kulowesha lebo. Chupa ya spiriti iweke mbali kabisa na meza yako mpaka kazi hii iishe.

La tatu ni nguvu. Baadhi ya vipuri, hasa kwenye mkono wa sauti na mgongo wa kile kisanduku kidogo kinachoshika sindano, ni vya kusubu vyenye zinki. Kwa miaka mingi madini hayo huvimba na kupata nyufa, na ukiyalazimisha hukatika kama biskuti. Kipuri kikigoma, weka tone la mafuta, subiri hadi kesho. Kikigoma tena, kiache.

La nne ni sindano. Hizi za chuma zilitengenezwa zitumike upande mmoja wa santuri kisha zitupwe, kwani santuri yenyewe huisaga ncha, na ncha iliyosagika hugeuka patasi ndani ya mfereji. Sindano mpya za chuma bado zinatengenezwa na zinaweza kuagizwa. Ile iliyokaa humo tangu zamani itoe kabla hata hujajaribu. Sindano ya kushonea isitumike, na santuri za plastiki za miaka ya baadaye zisiwekwe juu ya mashine hii, maana mkono wake ni mzito na utazichimba.

Mengine yote, mwanangu, yanarudishika, na humo ndimo utakamofanya kazi kwa uhuru. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa kitu na baada ya kukitoa. Tandika kitambaa cheupe, weka skrubu katika trei la mayai, kila hatua tundu lake. Fanya kazi asubuhi, kabla upepo wa kiangazi haujaanza kupeperusha vumbi la Dodoma hadi mezani. Gia zioshe kwa brashi na mafuta ya taa, zikauke kabisa, kisha uzipake grisi kidogo, na kwenye ncha za mihimili uweke tone la mafuta ya cherehani. Kipande cha ngozi kinachosugua gavana kipate tone moja pia. Kwa mashine inayosimama njiani, mara nyingi dawa ni hiyo.

Kukwaruza kwa sauti chunguza kwenye kisanduku cha sindano. Ndani yake mna utando mwembamba, wa alumini au, kwa zile za zamani zaidi, wa ulanga, uliobanwa kwa pete za mpira. Mpira ukiwa mgumu, utando hauwezi kutikisika sawasawa. Pete hizo hubadilishwa kwa mpira mpya ulio laini, lakini za zamani zitunze katika bahasha. Mwisho pima mwendo: weka kipande cha karatasi chini ya ukingo wa santuri, anzisha, hesabu kinavyopita mbele yako. Kwa nusu dakika kipite mara 39, kwa maana santuri hizi huzunguka mara 78 kwa dakika. Usipopata, rekebisha, hesabu tena. Hapo hakuna cha kupoteza isipokuwa muda.

Na usidhani waliozitengeneza santuri hizo walikuwa watu wasiokosea. Zama za Siti sauti ilichongwa moja kwa moja katika nta, pasipo namna ya kukata na kuunga. Mwimbaji akiteleza au mpiga fidla akipitiwa, nta ile iliwekwa kando, wakaanza upya kwenye nyingine. Ustadi wao ulikuwa pamoja na kuandaa mahali pa kosa: nta ya akiba ilikuwa tayari kabla wimbo haujaanza. Trei lako la mayai, picha zako na ile bahasha ya pete za zamani ndiyo nta yako ya akiba.

Kosa linaweza kutokea hata baada ya yote haya. Likitokea, mwambie Babu siku hiyohiyo, kwa maneno machache, pamoja na unachopendekeza. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na nakuomba uliamini hilo kwa ajili ya redio ya mwalimu pia. Ukimya wake umeutafsiri kuwa hukumu, nawe hujamuuliza. Inawezekana alihuzunika tu. Nenda ukamsalimie, umwombe akupe tena ile redio uichunguze bila malipo, au umtafutie nyingine inayofanya kazi kwa kiasi unachoweza. Najua ziara hiyo itakuwa ngumu kuliko springi yoyote. Lakini mkono wako ulianza kuwa mzito mlangoni pa mwalimu, na sidhani utapona sawasawa kwa kukaa mbali na mlango huo.

Kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, patana na Babu mambo mawili: bei, na mpaka wa kazi. Mwambie utasafisha, utatia mafuta na kubadilisha mpira, lakini kopo la springi hutalifungua bila idhini yake. Mpaka ukijulikana kwa wote wawili, hutabeba peke yako uamuzi ambao ni wa ukoo.

Kazi ikiisha, chukua karatasi ndogo uandike tarehe, ulichosafisha, ulichobadilisha, ulichokiacha na kwa nini, kisha jina lako, uiweke ndani ya sanduku chini ya mashine. Liandike jina lote, usifiche. Atakuja fundi mwingine baada yako, pengine ukiwa bibi mwenye wajukuu, ataifungua gramafoni hiyo na kuisoma. Akikuta umekosea mahali, atajua pa kuanzia kurekebisha.