Mtandao wa Wachangiaji Damu: Akiba Iwepo Kabla ya Dharura

Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa chache. Simu zikipigwa kijijini usiku huo, watu wema watajitokeza, lakini damu yao haiwezi kutumika papo hapo. Ni lazima kwanza ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, kisha ilinganishwe na damu ya mgonjwa. Damu itakayomwokoa ni ile iliyokuwa tayari kwenye jokofu la hospitali.

Hii ndiyo sababu ya kijiji, kanisa, msikiti, soko au chama cha bodaboda kuwa na mtandao wake wa wachangiaji wa kujitolea. Kazi yake si kungoja dharura, bali kuhakikisha akiba haiishi.

Kwa nini ratiba ni muhimu

Chembe nyekundu za damu huhifadhiwa kwa siku 35 hadi 42, kulingana na aina ya mfuko. Chembe zinazosaidia damu kuganda hudumu takriban siku 5 tu. Sehemu kubwa ya damu nchini hutolewa na wanafunzi wa shule za upili, kwa hivyo shule zinapofungwa akiba hupungua. Lakini ajali za barabarani, malaria kali kwa watoto na uzazi havina likizo.

Mwanamume anaweza kutoa damu kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Kwa mfano, watu 40 wakitoa damu siku moja mwanzoni mwa Januari, itapatikana mifuko 40. Kufikia mwisho wa Februari, chembe nyekundu ambazo hazijatumika zitakuwa zimepitwa na muda, na hakuna hata mmoja wao atakayeruhusiwa kutoa tena kabla ya Aprili. Watu hao hao wakigawanywa katika makundi 4 ya watu 10, kila kundi na mwezi wake, itapatikana mifuko 10 kila mwezi, mwaka mzima, na kila mtu atapumzika miezi 4.

Hatua za kuanza

1. Kuzungumza na kituo cha damu au maabara ya hospitali iliyo karibu. Damu hutolewa na wahudumu waliofunzwa pekee, na ndio wanaojua siku na mahali panapofaa.

2. Kuandikisha wachangiaji kupitia baraza la chifu na wahudumu wa afya ya jamii. Mchangiaji awe na umri wa miaka 16 hadi 65, uzani wa kilo 50 au zaidi, na afya njema. Kiwango cha damu mwilini hupimwa siku hiyo hiyo kabla ya kutoa.

3. Kuteua mtu mmoja mwaminifu wa kutunza orodha ya majina, nambari za simu na tarehe ya mwisho ya kutoa damu. Orodha hiyo isibandikwe ukutani wala kusambazwa kwenye WhatsApp.

4. Kupanga makundi, na kuongeza watu katika miezi ya likizo za shule.

5. Kuwakumbusha wachangiaji wiki moja kabla, na kuwashauri wale vizuri na kunywa maji ya kutosha. Kinachotolewa ni takriban mililita 450.

Siri na uaminifu

Baadhi ya watu watarudishwa nyumbani bila kutoa damu. Huenda uzani hautoshi, damu ni kidogo, au mtu anatumia dawa fulani. Asiulizwe sababu mbele ya watu. Majibu ya vipimo ni siri kati ya mchangiaji na kituo. Kikundi kinachovujisha siri hupoteza wachangiaji.

Vilevile, damu haiuzwi. Mchangiaji halipwi, na yeyote anayemwitisha mgonjwa pesa ili amtafutie damu anafaa kuripotiwa kwa wasimamizi wa hospitali.

Mtandao hauhitaji umati. Watu 10 wanaotimiza tarehe yao kila mara wana faida kubwa kuliko 100 wanaojitokeza mara moja tu.