JINA LAKO LIKO WAPI?
(Somo juu ya kazi ya watafiti)



Mwaka jana, katika somo la biolojia, kundi letu lilipewa kazi ya kupima joto la maji ya ziwa. Mwenzetu mmoja alishuka ufukoni siku kumi, alfajiri, na kipima-joto na kaye yake. Mimi niliandika ripoti tu, nikatia jina langu peke yangu. Nikapata pointi 17 juu ya 20. Baadaye kundi lingine wakaandika katika kazi yao: "Hesabu hizi tumezitoa kwa kapita." Yule ndugu akaniuliza, "Kapita, na jina yangu iko wapi?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika somo hili.

1. Kazi ya mtafiti inahesabiwaje?
Mtafiti akimaliza kazi, huiandika kuwa makala katika gazeti la sayansi. Wengine wakiitumia, wanapaswa kuitaja. Basi watu huuliza: ameandika makala ngapi? Zimetajwa mara ngapi? Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mtu wa fizikia huko Marekani, aliunganisha maswali hayo mawili katika hesabu moja. Mwenye 10 ni yule ambaye makala zake 10 zimetajwa kila moja mara 10 au zaidi.

2. Hesabu inaonyesha nini?
Inaonyesha kazi iliyotumika. Mwaka 1951 Oliver Lowry, mtu wa biokemia, pamoja na wenzake watatu, walieleza njia ya kupima protini. Kufika mwaka 2014 makala hiyo ilikuwa imetajwa zaidi ya mara 300,000, kuliko nyingine yoyote. Lakini Lowry mwenyewe hakuiona kuwa kazi yake kubwa. Ilikuwa chombo ambacho kila laboratware ilikihitaji. Tena watu husema "njia ya Lowry", na wale watatu wamesahauliwa.

3. Hesabu inaficha nini?
Mwaka 1976 daktari wetu Jean-Jacques Muyembe alitumwa Yambuku, penye ugonjwa usiojulikana. Alitoa damu ya wagonjwa bila glavu, akarudi Kinshasa na sista mmoja mgonjwa. Damu ya sista ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji. Mwaka 1977 gazeti la Lancet likatoa makala za Wabelgiji, Waingereza na Wamarekani juu ya virusi vipya, Ebola. Jina la Muyembe halikuwa katika makala hizo. Kwa miaka mingi hadithi ya Ebola ilisimuliwa bila yeye.

Hakuacha kazi. Mwaka 1995, Kikwit, yeye na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona; 7 wakaishi. Baadaye, kutoka damu ya mtu aliyepona Kikwit, ikatengenezwa dawa mAb114, ambayo ni protini. Ilijaribiwa huku mashariki, mwaka 2018 na 2019, wakati Ebola ilipofika hata Mwenga, katika Kivu yetu ya Kusini. Katika wagonjwa 681, waliopewa mAb114 walikufa 35 kwa mia. Waliopewa dawa ya zamani, ZMapp, karibu 50 kwa mia. Makala ikatoka mwaka 2019. Jina la kwanza ni Sabue Mulangu, Mkongomani. La mwisho, mahali pa mkubwa wa kazi, ni Muyembe.

4. Tufanye nini sisi?
Hesabu ya kutajwa huhesabu majina yaliyoandikwa tu. Asiyeandikwa, hata akishuka ziwani siku mia, kwake ni sifuri. Nimekwenda kwa mwalimu kusema ukweli. Ripoti imeandikwa upya, na jina la yule ndugu ndilo la kwanza. Ninyi pia, mkinakili kaye ya mwenzenu, mtajeni. Na mkifanya kazi, msione haya kuandika jina lenu.

MASWALI
a) Makala ikitajwa sana, je, ni lazima iwe kubwa kwa akili? Eleza.
b) Mtafiti ana makala 4, zimetajwa mara 9, 5, 3 na 1. Hesabu ya Hirsch ni ngapi? (Jibu: 3)
c) Katika kazi yako ya mwisho, ni nani uliyemsahau?